Janga likija, ulizia nauli ya kontena kabla ya bei ya mzigo

Sisi tunaoagiza mzigo China tumezoea kubanana na mwenye kiwanda kwa senti tano. Tangu Uviko, mimi naanza na wakala wa meli: kontena lipo? Nauli kiasi gani, na bei hiyo inashikilia hadi lini?

Mwanzoni mwa 2020 viwanda vya China vilifungwa na kampuni za meli zikafuta safari. Vilipofunguliwa, Marekani na Ulaya watu wamejifungia ndani wanaagiza vitu kwa fujo. Makontena yakaenda huko yakakwama, Asia yakaadimika. Agosti 2021 gati la Meishan kwenye bandari ya Ningbo, China, lilisimama kwa takriban wiki mbili kwa sababu ya mfanyakazi mmoja kukutwa na virusi. Mwaka huo kontena la futi 40 kwenda Ulaya, lililokuwa likisafiri kwa kama dola 2,000, lilipita dola 10,000.

Wengi wanaona nauli tu, wanasahau kuwa forodha yetu Tanzania inatoza kodi juu ya thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima. Piga hesabu, bima tuiache pembeni. Mzigo wa dola 10,000 na nauli 2,000: ushuru wa asilimia 25 ni 3,000, na VAT ya asilimia 18, inayopigwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru, ni 2,700. Nauli ikiwa 8,000, mzigo ule ule, ushuru unakuwa 4,500 na VAT 4,050. Yaani umeongezewa dola 2,850 za kodi bila kuongeza hata katoni moja!

Kwa hiyo nauli ikipaa, achana na viti vya plastiki na mabeseni. Vinajaza kontena, faida hakuna. Leta vitasa, vipuri, vitu vidogo vyenye thamani, hata kwa kontena la kuchangia. Na usimalizie malipo ya kiwanda kabla wakala hajakuthibitishia nafasi melini, maana hela yako italala ghalani kwao.

Wenye wateja Kigali, kuna jambo la ziada. Mwaka 2020 Rwanda ilitaka madereva wetu wakabidhi malori kwa madereva wengine pale mpakani Rusumo, na foleni ikawa ndefu. Andikianeni mapema nani analipa lori likilala mpakani. Mteja akikataa kuandika, mzigo mkabidhi Dar, usafiri ajitafutie mwenyewe.