Usimkisie jirani yako, muulize

Ndugu yangu uliyeuliza, swali lako nimelisoma lote. Umehamia Tanga kikazi kutoka Mbeya, wewe na mkeo mmepanga kwenye nyumba ambayo wapangaji wengine wote ni Waislamu, ua ni mmoja na choo ni kimoja, na Ramadhani inakaribia. Unauliza kama mkeo anaweza kupika mchana, kama mle futari mkiletewa, na kama mnaweza kuendelea na ibada yenu ya jioni chumbani. Wengi wamekujibu kwamba mheshimiane tu, Mungu ni mmoja. Maneno mazuri, lakini hayamwambii mkeo afanye nini saa saba mchana na jiko la mkaa liko katikati ya ua.

Mimi ni Muislamu, mzaliwa wa Usangi, Upare. Milimani kwetu ukoo mmoja unaweza kuwa na Waislamu, Walutheri na Wasabato, na harusi ikifika wote wanakula. Uuguzi ulinipeleka Mbinga, kwa Wamatengo, ambako majirani zangu karibu wote walikuwa Wakatoliki. Sasa naishi Temeke. Kwa hiyo nimekaa upande wa wengi na nimekaa upande wako. Nilichokiona kote ni kwamba ujirani haukuharibiwa na tofauti ya imani. Uliharibiwa na watu kukisiana. Muulize jirani mwenyewe mpaka wake uko wapi, na wa kwako mwambie mapema, kabla siku yenyewe haijafika.

Mbinga watu wengi wanafuga nguruwe, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa nao. Idd ya kwanza ilipokaribia, yule mama alinifuata akaniuliza, "Mwenzangu, siku yenu nikuletee nini ambacho utakila?" Nikamweleza bila kuzunguka: nyama ambayo hakuichinja Muislamu sili, na chakula kilichopikiwa sufuria ya nguruwe sili, ila matunda, mahindi na maharage mabichi napokea kwa mikono miwili. Siku ya Idd akaja na jogoo mzima, amefungwa miguu, anapiga kelele. Mume wangu akamchinja, tukampika, na yeye na watoto wake wakaja kula. Tangu hapo, kwake kukiwa na kipaimara au Krismasi, alimwita mume wangu achinje mbuzi ili na sisi tukae mezani, na ile nyama nyingine ilipikwa upande wa pili kwa jiko na vyombo vyake. Naye aliniambia kwamba Ijumaa za Kwaresima hawali nyama, basi siku hizo sahani yangu ilikwenda na samaki. Hakuna aliyeacha dini yake hata chembe.

Naomba usilichukulie suala la kuchinja kuwa dogo. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ulimtoa roho mchungaji. Sisi tulilimaliza kwa jogoo hai kwa sababu mtu aliuliza kwanza.

Nasema uulize kwa kuwa hata ndani ya dini moja watu hawafanani. Wapo Waislamu wanaokula alichochinja Mkristo, wakisimamia aya ya tano ya Suratul Maida, na wapo wasiogusa kabisa. Msabato hali nguruwe wala kambare, na machweo ya Ijumaa yakishafika usimpelekee mambo ya biashara mpaka Jumamosi jua lizame. Shahidi wa Yehova ukimwalika sikukuu ya kuzaliwa mtoto wako unampa kazi ya kukataa. Wapo walokole wanaokula pilau ya Idd lakini hawali chakula cha hitma, kwa sababu kimeandaliwa kwenye shughuli ya kumwombea marehemu. Ukimjua mmoja hujawajua wote.

Sasa Ramadhani yako. Mkeo apike. Huku Bara hakuna sheria inayomkataza asiyefunga kula mchana (Zanzibar mambo ni mengine, huko usile hadharani), na hata kwenye nyumba za Waislamu watoto wadogo, wagonjwa na wenye hedhi wanakula mchana. Kinachouma ni mtu kukaa katikati ya ua anatafuna mbele ya waliofunga. Pikeni, mle ndani. Alasiri majiko yote yatawaka kwa pamoja na maji yatagombaniwa, hivyo kama mkeo anaweza kumaliza upishi wake mapema atakuwa amewasaidia wenzake kweli. Alfajiri kabla ya adhana mtasikia vyombo vikigongana, watu wanakula daku. Kama unaingia zamu ya usiku, waambie siku unazolala mchana ili watoto wasichezee dirishani kwako.

Futari mkiletewa, pokeeni. Ni mihogo, magimbi, tambi, uji, kaimati. Haisomewi kitu, anayefuturu husema Bismillahi akaanza kula. Kama moyo wenu hauko tayari, mkeo aseme siku ya kwanza kwa upole, wala hawatachukia. Kibaya ni kupokea kisha kumwaga, maana ua ni mmoja na pipa la taka ni moja. Sahani hairudi tupu, lakini msirudishe mlichopika mpaka mjue wanakila. Rudisheni machungwa, sukari au tende. Kitimoto una haki ya kula, sitakudanganya. Ila kwenye ua wa pamoja, ambapo beseni la kuoshea vyombo ni moja, kale huko huko kinakouzwa.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla, na mtaani kwetu Wakatoliki na sisi tulikuwa tunafunga pamoja. Jirani yangu mmoja alikuwa akivunja mfungo wake jioni mkekani kwetu. Nilifurahi sana mwaka ule.

Lakini kinachokufanya uwe jirani ni msiba, na hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Muislamu akifa asubuhi, mara nyingi alasiri ameshazikwa. Ukisema utapita ukitoka kazini, utakuta watu wanarudi makaburini. Ukipata habari, omba ruhusa uende. Vua viatu, kaa mkekani na wanaume, wakati wa sala ya maiti simama kando, kisha fuatana nao. Kwenye kupokezana jeneza uliza, kwingi watakupisha ubebe. Mkeo ajifunge kanga kichwani akae ndani na kinamama; jeneza likitoka asilifuate, kwetu wanawake hubaki nyumbani. Kuna wageni waliofuata kwa nia njema kabisa wakarudishwa njiani mbele ya watu. Rambirambi andikisheni kwenye daftari hata kama ni kidogo, kwa sababu daftari lile husomwa tena siku msiba ukiwa wenu.

Kwa upande wa pili, Mbinga msiba ulisubiri watoto watoke Dar, watu wakalala nje usiku baada ya usiku. Mimi nilikoroga uji na kusonga ugali na wenzangu. Mume wangu hakuingia kwenye misa, alikaa nje ya kanisa na wazee, na wakati wa kuchimba kaburi alishika jembe. Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuingia. Wangemuuliza kama asingekuja kabisa.

Fedha nazo mziangalie. Kikoba chetu cha Temeke kina riba, na baadhi ya kinamama wa Kiislamu hawakutaka kukopa wala kugawana faida. Walikuwapo waliosema watolewe. Tukatenganisha madaftari: anayetaka mikopo ana daftari lake, na mfuko wa maafa ni wa wote, kila mmoja anachanga sawa na haukopeshwi. Huo wa maafa ndio umetushikamanisha.

Kuhusu watoto, maana Mungu akiwajalia mtawapata hapo hapo: ugomvi wa watoto ukigusa dini, wazazi muumalize siku ile ile, uso kwa uso, kabla haujatoka uani. Oktoba 2012 Mbagala watoto wawili walibishana, mmoja akadaiwa kukojolea Msahafu, na kabla watu wazima hawajatulia makanisa yalikuwa yanavunjwa na kuchomwa moto. Sisi wakazi wa Temeke tuliyaona kwa macho. Tangu siku hizo nyumbani kwangu mtoto akimwita mwenzake kafiri anakwenda kuomba radhi na mimi nimesimama nyuma yake. Mijadala ya Biblia na Kurani barazani pia uikwepe, hasa akiitafuta mtu mwenye hasira. Mwambie unaiheshimu imani yake na ya kwako umeridhika nayo, basi.

Ibada yenu ya jioni ni haki yenu, Katiba ibara ya 19 inailinda. Kinachobaki ni ukuta mwembamba. Mtaani kwetu kuna kikundi cha maombi kilichokuwa kikielekeza spika kwenye vyumba vya jirani. Wapo waliotaka kukimbilia serikali ya mtaa siku ile ile. Tulimtuma mzee mmoja kwanza azungumze na shemasi wao, spika ikageuzwa na mwisho ukawa saa nne. Wao wakatuomba mazoezi ya maulidi ya watoto yasipigwe Jumapili asubuhi, nasi tukakubali. Kwenu msitumie spika kabisa, na jueni kwamba Ramadhani kuanzia magharibi watu wanafuturu, kisha isha na tarawehe. Imbeni kabla ya magharibi, au mhamishie asubuhi.

Usiende wewe, aende mkeo, kwa mama anayesikilizwa zaidi hapo uani, mchana waume wakiwa kazini, na aende wiki hii kabla mwezi haujaandama. Aulize habari ya jiko, ya sahani za futari na ya saa za kuimba, na aseme wazi nyinyi mnakula nini na hamli nini. Mama huyo akijibu tofauti na nilivyoandika, fuateni lake. Halafu rudi hapa utuandikie amesemaje kuhusu saa za ibada, maana hapo ndipo naona mtahitaji kupangiana zaidi.