Kura za karatasi zikaguliwe kabla mshindi hajaapishwa

Msomaji mmoja wa Lushoto ameniandikia. Ushirika wao unakaribia uchaguzi, wanachama hawaaminiani, na viongozi wanataka kununua mfumo wa kupigia kura kwa simu. Anauliza wafanyeje. Ndugu yangu, bakini na karatasi, ila muweke ukaguzi. Nasema hivyo kwa uchungu na kwa fahari, maana yote mawili yamenifika.

Uchungu kwanza. Miaka ya nyuma niligombea ukatibu katika chama kimoja hapa Tanga, nikatangazwa kushindwa kwa kura chache. Sanduku lililala nyumbani kwa mtu. Nilipoomba kura zihesabiwe upya, nikaambiwa zimeshachomwa moto. Sijawahi kudai kwamba nilishinda. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba sijui, na hakuna aliyeweza kunionesha. Aliyeshindwa kihalali ana haki ya kuona alivyoshindwa.

Sasa fahari. Majuzi nilisimamia uchaguzi wa chama chetu cha akiba na mikopo, chenye vituo Ngamiani, Muheza na Pangani. Kura zilipita elfu moja. Kabla ya kugusa jina la mgombea yeyote, tulilinganisha vishina vya karatasi za kura, majina yaliyotiwa tiki daftarini, karatasi zilizomo sandukuni na zilizobaki bila kutumika. Hesabu hizo zisipokubaliana, msiendelee hata hatua moja.

Baada ya kuhesabu na kubandika matokeo ukutani, tulizifunga karatasi vifurushi vya hamsini hamsini, kila kifurushi na namba yake. Kisha, ili kuyahakiki matokeo kwa karatasi chache tulizozichomoa kwa bahati nasibu, tukaweka mabakuli mawili mezani: moja lina namba za vifurushi, la pili namba 1 hadi 50. Binti wa mgombea aliyeshindwa ndiye aliyechomoa. Kifurushi cha 17, karatasi ya 32. Wakala anahesabu kwa kidole mpaka ya 32, anaiinua watu waione, inasomwa, inaandikwa ubaoni. Namba zinarudishwa bakulini, zinachanganywa, anachomoa tena. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Tofauti ya kura ilikuwa kubwa, kwa hiyo hatukufika hata karatasi mia mbili. Yule mgombea mwenyewe alisimama akampa mkono mwenzake.

Ni kama mnunuzi wa mchele anavyochoma gunia kwa bambo, ila hapa hisabati ndiyo inayosema uchome mara ngapi. Aliyeubuni ukaguzi wa namna hii ni Philip Stark, mwanatakwimu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mnakubaliana kikomo cha hatari mapema, tuseme asilimia 10. Maana yake, kama aliyetangazwa siye mshindi wa kweli, nafasi ya ukaguzi kumpitisha haizidi asilimia 10. Mnaendelea kuchomoa mpaka ushahidi utoshe, na usipotosha mnahesabu zote. Kwa njia hii ya kuchomoa, tofauti kati ya wagombea ikipungua nusu, karatasi za kukagua huongezeka kama mara nne. Jimbo la Colorado, Marekani, lilianza kuufanya jimbo zima mwaka 2017, na huko hurusha dadu za pande kumi hadharani ili asiwepo wa kujichagulia karatasi. Kama ninyi hamfiki mia tatu, achaneni na mabakuli, hesabuni zote mara mbili, na mara ya pili wahesabu watu wengine.

Wapo watakaosema haya ni makubwa mno kwa vyama vyetu. Si makubwa. Malawi mahakama ilifuta uchaguzi wa rais wa 2019, na miongoni mwa ushahidi zilikuwamo fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe. Fomu inaweza kufutwa. Karatasi za kura zilizotunzwa vizuri ndizo zitakazoiumbua. Wewe unayetaka uongozi, dai ukaguzi hata pale unapojua utashinda, la sivyo utaongoza watu wanaokunong'ona miaka yote.

Basi mpitishe kanuni kabla fomu za kugombea hazijachukuliwa, maana baada ya hapo kila neno litaonekana linamlenga mtu. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu wasio wa kambi moja, na namba za lakiri ziandikwe mbele ya mawakala. Karatasi zisichomwe mpaka muda wa rufaa uishe, na siku ya kuzichoma waitwe walioshindwa.