Mkuu, hiyo pasi ya treni usiilipie kesho. Soma hapa kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba Novemba unakwenda Japani peke yako, begi mgongoni, wiki mbili za miji ya kale na vijijini: Takayama, Shirakawa-go, Kanazawa, Tsumago na Magome, Koyasan, utembee njia ya Kumano, umalizie Kyoto. Safi sana, ratiba hiyo hata mimi inanitoa mate. Halafu mwishoni, kana kwamba si kitu, ukaongeza kuwa kesho unalipia pasi ya treni ya siku 14, ile unayolipa mara moja ukapanda treni bila kulipa nauli kila safari, "ili habari za usafiri niachane nazo". Ukauliza na mengine: viza, chakula halali, baridi, begi la lita ngapi. Hayo yatasubiri. Hiyo pasi usiilipie.

Tuanze na bei, maana hapa ndipo watu wanapoingizwa mjini. Mpaka Septemba 2023 pasi ya siku 7 iliuzwa yen 29,650 na ya siku 14 yen 47,250. Nauli ya treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo hadi Kyoto ni kama yen 14,000, kwenda tu. Kwa hiyo enzi hizo mtu akienda na kurudi, akachomekea na Hiroshima, pasi ya wiki ilikuwa imeshajilipa na chenji juu. Ndiyo maana kila aliyekwenda zamani anakwambia nunua. Oktoba 2023 bei ikaruka: siku 7 yen 50,000, siku 14 yen 80,000, siku 21 yen 100,000. Yen 80,000 kwa hela yetu ni zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania, na hapo hujala wala hujalala. Tena ukitaka Nozomi, ile inayosimama vituo vichache kuliko zote kwenye reli ya Tokyo na Kyoto, unaongeza yen 4,960 juu ya hiyo pasi uliyoambiwa inamaliza kila kitu.

Mimi nilinunua kwa bei mpya nikiwa na akili za bei ya zamani. Na akili hizo sikuzaliwa nazo, nilipewa. Kuna jamaa mmoja wa video, watazamaji kibao, kofia ya nyasi, anakwambia bila pasi Japani umepotea. Video yenyewe ni ya bei ya zamani. Hajaifuta, hajaweka hata mstari mmoja wa kuonya, na chini yake kuna kiungo cha kununulia ambacho ukibonyeza yeye anapata chake. Nilimwandikia kistaarabu kabisa, nikamwekea bei mpya na kila kitu. Akanijibu kwa alama ya dole gumba. Dole gumba! Halafu kuna wakala niliyepitia kwake, mzee wa tai. Nikamuuliza, na nikarudia kumuuliza, kama pasi inapanda mpaka mabasi ya vijijini. "Unapanda chochote, kijana wangu." Chochote. Labda alimaanisha ngazi za mahekalu, hizo kweli nilipanda bure.

Sasa bei siyo hata tatizo kubwa. Pasi hiyo ni ya treni za JR, yaani lile kundi kubwa la kampuni za reli za Japani, na huko unakotaka kwenda JR inakufikisha mlangoni tu, ndani haingii. Shirakawa-go hakuna reli kabisa, ni basi. Stesheni ya Nakatsugawa kwenda Magome, basi. Stesheni ya Nagiso kwenda Tsumago, basi. Koyasan unapanda treni ya Nankai, kampuni nyingine siyo JR, kutoka Namba pale Osaka mpaka Gokurakubashi, halafu gari la kamba linalokwea mlima, halafu basi la kukuingiza mjini. Humo mote pasi yako haina kazi. Kumano utafika stesheni ya Kii-Tanabe kwa JR, kuanzia hapo ni basi na miguu yako.

Na siku za pasi zinakatwa mfululizo, kama mita ya teksi iliyowashwa. Umelala kwenye hekalu Koyasan, unaamshwa alfajiri ukasikilize watawa wakisoma, inakata. Umekaa mlango wa duka Tsumago unakunywa chai, inakata. Njia ya Kumano kutoka Takijiri hadi Hongu ni kama kilomita 38 za milima na mizizi ya miti, wengi wanaigawa kwa siku mbili. Nimeitembea yote kwa miguu huku pasi ya treni imelala mfuko wa ndani, na kila mwinuko nikipiga hesabu kwamba leo nayo karibu yen 5,700 imekwenda na sijapanda hata toroli.

Lakini hayo ni maumivu ya kawaida. Pasi haikunila hela tu, ilinila na akili, na hapa ndipo nataka usome taratibu.

Nilikuwa Takayama. Nimeshazunguka mitaa ya Sanmachi yenye nyumba za mbao nyeusi za wafanyabiashara wa zamani, nimeshakula vya kuonja soko la asubuhi pembeni ya mto Miyagawa. Jioni ile nilitakiwa kulala Shirakawa-go, ndani ya moja ya zile nyumba za mapaa marefu ya nyasi, yaliyosimamishwa karibu wima hivyo ili theluji iteleze isirundikane juu. Kijiji kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1995. Nilikuwa nimeshalipia, chakula cha usiku na cha asubuhi humo humo. Kituo cha mabasi cha Takayama kiko ubavuni mwa stesheni, unatema mate yanafika. Basi la kwenda kijijini ni dakika 50, nauli haifiki yen 3,000. Asubuhi ile viti vilikuwepo, nimeviona kwa macho yangu.

Nikageuka nikaondoka.

Kisa? Nina pasi. Nitalipaje nauli na mimi nina pasi ya yen 80,000? Nikafungua ramani nikajiona mjanja: treni ya JR kutoka Takayama hadi Toyama, pale nadandia ya mwendo kasi hadi Kanazawa, kote huko pasi inalipa. Na Kanazawa kuna mabasi ya Shirakawa-go. Yaani kijiji kiko katikati ya Takayama na Kanazawa, mimi nikakizunguka kwa treni, nikatokea upande wa pili, ili nirudi nyuma kwa basi ambalo nalo lazima nililipie, na nauli yake ni kama ile ile niliyoikimbia. Rudia kusoma. Mimi nimeshairudia sana na bado haiingii.

Kufika Kanazawa, dada wa dirisha la tiketi za basi akanigeuzia karatasi ya ratiba. Wenzetu wana alama zao: duara, nafasi zipo, pembetatu, zimebaki chache, msalaba, hakuna. Ilikuwa Ijumaa ya msimu wa majani mekundu. Misalaba kutoka juu mpaka chini. Akashuka nayo mstari kwa mstari kwa ncha ya kalamu, bila haraka, mpaka basi la mwisho, akainamisha kichwa. Nikauliza teksi. Akavuta hewa kupitia meno, ile sauti Mjapani anayoitoa anapokukatalia bila kutamka hapana. Ni zaidi ya kilomita 70, mkuu, sikuuliza tena.

Akanisaidia kupiga simu kwenye ile nyumba, yeye akitafsiri. Mama mwenye nyumba hakugomba, na afadhali angegomba. Aliuliza kama niko salama na kama nimepata pa kulala. Akasema samaki wa mto ameshawachomeka vijiti, wako kandokando ya makaa. Sasa ukifuta siku ile ile hurudishiwi kitu, na simlaumu hata kidogo: ana vyumba vichache, chakula kimeshapikwa, chumba kinalala tupu. Kwa hiyo nikalipia nyumba nisiyolala, nikalipia hoteli ya Kanazawa kwa bei ya Ijumaa, kesho yake nikapata kiti nikalipia basi kwenda na kurudi. Nauli mbili, kwa kukwepa moja. Ile nyumba niliiona kwa nje. Nimesimama kwenye kijia na kamera, wageni wengine wanatoka wameshiba wanafunga mabegi.

Ningekuwa sina pasi mfukoni, ningelala pale. Ndiyo maana nikiona mtu anaandika "kesho nalipia" mapigo yanabadilika.

Kuna mdau hapo juu amekujibu kwamba pasi inanunua uhuru, unaamka asubuhi unaenda popote. Sawa, kwa anayeruka Tokyo, Osaka, Hiroshima, Fukuoka, na nauli zake zikivuka bei, hapo sina ugomvi. Lakini kijijini hakuna "popote". Kuna basi la saa nne asubuhi, kuna la saa nane, na mengine lazima uwe umekata kiti kabla. Huo uhuru unautumia wapi?

Kwa hiyo nitakwambia kitu kimoja, na nitakirudia mpaka msimamizi wa jukwaa anifungie: ANDIKA KILA KIPANDE CHA SAFARI NDIPO UZUNGUMZIE PASI. Chukua daftari. Kutoka wapi, kwenda wapi, chombo gani, cha kampuni gani, nauli, cha mwisho kinaondoka saa ngapi. Ukimaliza, jumlisha vya JR peke yake. Vikizidi bei ya pasi, nunua kwa raha zako. Visipozidi, funga huo ukurasa wa malipo.

Ya kwako nimeshakufanyia juu juu, usinishukuru. Tokyo hadi Nagoya kama 11,000. Nagoya hadi Takayama kama 6,000. Takayama, Shirakawa-go, Kanazawa ni basi, siyo JR. Kanazawa kurudi Nagoya kupitia Tsuruga weka 10,000. Nagoya hadi Nakatsugawa, na baada ya kutembea kutoka Magome hadi Tsumago ukatokea Nagiso ukarudi Nagoya, weka elfu chache. Nagoya hadi Osaka kama 6,500. Koyasan siyo JR. Osaka hadi Kii-Tanabe kwenda na kurudi, weka 10,000. Kyoto kurudi Tokyo 14,000. Ukijumlisha yote, yen 65,000 huzifiki. Pasi ni 80,000, na mabasi yote pamoja na Nankai bado unalipa pembeni. Hesabu ya darasa la nne hii, na mimi nina shahada.

Zipo pasi ndogo za kanda. Ile ya siku 5 ya Takayama na Hokuriku, kama yen 20,000, ina treni za upande huo pamoja na basi la Shirakawa-go. Hiyo angalau imetengenezwa na mtu anayejua kijiji kiko wapi. Lakini nayo ipitishe kwenye daftari lile lile, usinunue kwa sababu mimi nimeitaja. Mimi pia ni mtu wa mtandaoni.

Na safu ya chombo cha mwisho usiiruke. Huku kwetu ukikosa basi utapata Noah, ukikosa Noah kuna bodaboda, ukikosa yote kuna mtu anamjua mtu. Magome ikifika 17:00, yaani saa kumi na moja jioni, maduka yameshafungwa, barabara nyeupe, unasikia maji ya mfereji tu. Hakuna bodaboda. Nyumba za kulala wageni chakula ni saa kumi na mbili jioni na wanataka uwe umefika mapema, maana mpishi ndiye mapokezi.

Mabasi ya huko pia beba sarafu. Mengi unapandia mlango wa nyuma, unachomoa kikaratasi chenye namba, mbele kuna ubao unaoonyesha namba yako inadaiwa ngapi, ukishuka unadumbukiza kikaratasi na hela kamili kwenye sanduku la dereva. Mashine inavunja noti ya 1,000. Ya 10,000 haivunji. Nilisimama mbele ya dereva na noti ya 10,000 mkononi, basi zima limenyamaza, mpaka bibi mmoja akafungua pochi akanivunjia. Kadi ya benki ukitoa hela, toa mjini, kwenye mashine za maduka ya 7-Eleven, usisubiri kijijini.

Begi, chukua dogo. Kubwa lisafirishe, hata madukani mle wanapokea, unalikuta hoteli inayofuata kesho yake au keshokutwa. Viza na chakula halali wakujibu waliofuatilia.

Mabasi ya Takayama kwenda Shirakawa-go yanayokatiwa viti, nafasi zinafunguliwa karibu mwezi mmoja kabla. Weka kengele kwenye simu, ukate la asubuhi. Na daftari ukishalijaza lipige picha uliweke hapa, nilipitie kabla hujampa mtu hata senti.