Jeraha la kazini likizidi baada ya dai kufungwa: majibu kwa wasomaji wa Jimbo la Washington

Barua za safari hii zote zinahusu fidia inayotolewa na Idara ya Kazi na Viwanda ya Jimbo la Washington, ambayo wengi wetu huiita L&I.

Niliumia mgongo mwaka 2019 nikipakua mizigo katika ghala mjini Kent, na dai langu likafungwa mwaka 2021. Sasa siwezi kuinama. Je, nimechelewa?

Ikiwa huo wa mwaka 2021 ndio uamuzi wa kwanza wa kulifunga, unao muda hadi mwaka 2028. Miaka 7 inayotolewa na sheria (10 kwa jeraha la jicho) huanza kuhesabiwa siku uamuzi huo ulipokuwa wa mwisho, wala si siku ya ajali, na hapo ndipo wengi hukosea. Hata miaka hiyo ikipita unaweza kuomba matibabu, ila malipo mengine yatategemea hiari ya mkurugenzi wa Idara. Kwa hiyo itafute kwanza barua ya kufunga dai.

Barua ya kufunga dai imenifikia wiki tatu zilizopita, ilhali goti bado linaniuma. Nijaze fomu ya kulifungua tena?

La, usiijaze. Unazo siku 60 tangu ulipoipokea barua za kuupinga uamuzi kwa maandishi, na tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa: anayepinga anasema kwamba dai limefungwa kabla ya wakati, lakini anayeomba lifunguliwe tena anakuwa amekubali kwamba lilifungwa kwa haki, na hivyo hulazimika kuthibitisha kwamba hali yake imekuwa mbaya zaidi kuliko siku ile. Goti ambalo halijawahi kupona utalithibitishaje kuwa limezidi?

Daktari anasema maumivu peke yake hayatoshi. Ana maana gani?

Ana maana kwamba Idara hudai dalili ambazo daktari anaweza kuziona au kuzipima mwenyewe, kama vile picha ya MRI inayoonyesha mabadiliko, kiungo kisichokunjika kama zamani, au misuli iliyosinyaa, na kwamba dalili hizo zitokane na jeraha lile lile. Zaidi ya hayo, ni lazima alinganishe nyakati mbili, yaani siku dai lilipofungwa na leo. Daktari mpya asiyeijua hali yako ya wakati ule hana cha kulinganisha, kwa hiyo mpelekee ripoti ya uchunguzi wa mwisho uliofanywa kabla ya kufungwa. Fomu ya maombi ina sehemu yako na sehemu yake, na kwa maoni yangu sehemu yake ndiyo inayoamua mengi.

Usimtumie mtoto wako kama mkalimani katika miadi hiyo. Wengi wetu tukisema kiuno tunakusudia sehemu ya chini ya mgongo, na mtoto akimwambia daktari kwamba ni nyonga, rekodi yako itakuwa na jeraha ambalo halimo katika dai.

Dai lilipofungwa nilihamia kampuni nyingine. Mwezi uliopita niliinua sanduku, mgongo ukashtuka. Hili ni la zamani au jipya?

Tukio mahususi kazini huweza kuhesabiwa kuwa jeraha jipya, na dai jipya lina muda wa mwaka 1 tu tangu siku ya ajali. Mweleze daktari matukio yote mawili bila kuficha lolote, naye aandike lipi limesababisha hali ya sasa. Usikae kusubiri jibu la dai la zamani huku mwaka ukiyoyoma.

Jibu huchukua muda gani, na nikikubaliwa nitalipwa tangu lini?

Idara ina siku 90, na inaweza kuongeza 60 kwa sababu ya msingi; ikinyamaza hadi muda huo uishe bila kukataa, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Ukiwa huwezi kufanya kazi, fidia ya mshahara huwa kati ya asilimia 60 na 75 kulingana na ndoa na idadi ya watoto, ndani ya kiwango cha juu cha jimbo. Hata hivyo malipo hayarudi nyuma zaidi ya siku 60 kabla ya ombi kupokelewa, hivyo aliyevumilia miezi minane ndipo akaomba, miezi sita ya mwanzo haitalipwa.