Anti, mama auze shamba la zabibu nikasome uchoraji?

"Shikamoo anti. Mimi ni binti wa miaka 20, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Nilimaliza form four nikapata D tano, zote za arts. Nachora mabango ya saluni na maduka, na kuta za shule za chekechea, kwa mwezi sikosi laki moja. Kuna chuo binafsi Dar nimekiona mtandaoni, diploma ya sanaa miaka mitatu, ada milioni moja na nusu kwa mwaka, na wanasema ukimaliza ajira nje nje. Mama anataka kuuza shamba lake la zabibu Mpunguzi ili niende. Baba anasema uchoraji siyo kazi, nikasome uuguzi. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Nianze na shamba maana ndo limeninyima raha: mwambie mama asiuze. Zabibu hapa kwetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, yani hilo shamba lina mshahara wake, ukishaliuza ada ya mwaka wa kwanza inalipwa vizuri, wa pili mnaanza kuunga unga, wa tatu unarudi nyumbani huna cheti na mama hana shamba. Hela ya mavuno ndo ya ada, vyuo vingi vinapokea kwa awamu, uliza.

Afu ada siyo gharama yote. Ada milioni 4.5 kwa miaka mitatu. Geto Dar tuseme elfu 50 kwa mwezi, hiyo ni milioni 1.8, na kuna wenye nyumba wanataka miezi sita kwa mkupuo. Chakula elfu 5 kwa siku, siku 300 za masomo kwa mwaka, kwa miaka mitatu ni milioni 4.5 nyingine. Halafu ile laki yako ya mabango ambayo hutaiona ukiwa darasani, miezi kumi kila mwaka, ni milioni 3. Tumefika milioni 13.8 na bado hujanunua brashi, kanvasi wala rangi, na rangi nzuri mwenyewe unajua bei yake.

Sasa unanunua nini kwa hiyo hela? Mkono unao tayari, watu wa Nkuhungu wanakulipa. Na mkono unaweza kunolewa bila chuo: Edward Saidi Tingatinga hakusomea popote, alianza kuchora miaka ya mwisho ya 60 kwenye vipande vya hardbodi kwa rangi za kupakia baiskeli, akafundisha ndugu na jamaa zake waliokaa pembeni yake, akafariki 1972 na mpaka leo watu wanakula kupitia jina lake. Ila wateja wa picha zile ni watalii wa Dar, Zanzibar na Arusha. Dodoma yetu mteja ni ofisi, shule, kliniki, ukumbi wa harusi, na hao hawatafuti picha ya twiga. Wanataka nembo, vipeperushi, tisheti za mkutano, banda la Nanenane pale Nzuguni lipendeze, na wanataka TIN na risiti. Bango la kuchora kwa mkono nalo linaondoka, flex, yale mabango ya kuprintiwa, imelimaliza, nadhani umeshaanza kuona saluni zinavyokukimbia. Kwa hiyo kitu unachopungukiwa zaidi ni kudizaini kwenye kompyuta, na hicho kuna kozi fupi za miezi kadhaa hapa hapa mjini, unasoma huku mabango yanaendelea.

Sijasema chuo hakina maana. Chuo kinakupa watu (huyu anapiga picha za video, yule baadaye yuko wizarani, kazi nyingi za sanaa zinatembea kwa kujuana), kinakupa muda wa kuharibu bila mteja kukununia, na kinakupa karatasi. Ukitaka kufundisha, karatasi huikwepi, na mtaala mpya wa sekondari una mkondo wa amali, yani wa ufundi, wenye sanaa bunifu ndani yake. Kama moyo wako uko huko basi nenda, ila siyo kwa kukurupuka. Hicho chuo cha mtandaoni angalia kwanza kama NACTVET, wale wanaosimamia vyuo vya ufundi, wanakitambua, halafu waombe majina ya wahitimu watatu uwapigie mwenyewe. Hizo ajira nje nje wakishindwa kuzionyesha, achana nao.

Linganisha pia na TaSUBa Bagamoyo, ni ya serikali, ilianza 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: diploma inapandwa kwa ngazi, NTA ya 4, ya 5 na ya 6, kila moja mwaka mmoja, na kila moja ina cheti chake. D nne tu zinakuingiza kwenye ya 4, mradi usihesabu somo la dini. Soma mwaka mmoja, ukiona hela imekata au umeshapata ulichofuata, unatoka na cheti mkononi. Mkopo wa HESLB, ile bodi ya mikopo, usiuweke kwenye bajeti, diploma walizoanza kukopesha 2023/24 zilikuwa za fani za kipaumbele kama afya, kilimo na madini, sanaa haikuwemo.

Mimi ningekuwa wewe mwaka huu ningepiga kozi ya dizaini hapa mjini, mavuno mawili ya mama yawekwe, mwakani niombe ngazi ya 4.

Baba usimjibu kwa hasira. Uuguzi wanataka fizikia, kemia na baiolojia, na wewe huna, mwambie hilo kwa upole maana inawezekana hajui. Mkumbushe na mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa hapa hapa, ala zake za zeze na ilimba vilimzungusha dunia na akafundisha chuo hicho hicho cha Bagamoyo. Halafu anza daftari, kila bango andika ulicholipwa na ulichotumia, miezi mitatu hivi, umpelekee. Mzazi anayesema siyo kazi mara nyingi hajawahi kuona hela yake imeandikwa mahali. Na wewe mwenyewe utaona ni kazi zipi zinakulipa, mana nina wasiwasi kuta za chekechea zinakubeba kuliko saluni zote.