Fomu imejaa, moyo bado unakataa

Ukurasa wa Shangazi. Afisa ustawi wa jamii mstaafu, mkazi wa Dodoma, anajibu barua zenu.

Shikamoo shangazi. Mi ni afisa ustawi mpya, mwaka wa kwanza kazini, niko kata moja huku Chamwino. Mwalimu alinipigia kuhusu binti wa miaka 9, ana kidonda cha moto mkononi na wiki mbili haji shule, anaishi na bibi yake na wadogo zake wawili. Nikaenda na mwenyekiti wa kitongoji. Bibi akawa ananijibu kwa mkato, hanitazami usoni, ndani hamna chakula, mtoto kimya. Nikajaza fomu yote, kwenye maoni nikaandika bibi ni mzembe na kuna dalili za ukatili, nikapendekeza watoto waondolewe pale. Bosi kanirudishia faili kaandika neno moja tu, "Umejuaje?" Nimekasirika shangazi lakini usiku silali. Fomu si nimejaza yote, sasa nimekosea wapi? (Binti wa Chamwino)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi, ingawa mi nakuambia ukweli, afisa anayelala fofofo baada ya kuandika watoto waondolewe kwao ndo wa kuogopwa. Bosi wako usimkasirikie. Hilo neno alilokuuliza ndo kazi yenyewe.

Hebu turudi kwenye ile ziara. Mwenyekiti alikaa wapi wakati unaongea na bibi? Kama alikaa hapohapo kwenye kigoda basi bibi hakuwa anaongea na wewe, alikuwa anaongea na serikali, na serikali hujibiwa kwa mkato. Alafu mliongea lugha gani? Bibi zetu wengi huko Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu, ya moyoni wanayasema kwa Kigogo, na kama aliyekutafsiria ni jirani basi kwenye fomu umeandika maneno ya jirani, na ukichunguza sana unaweza kukuta huyo jirani ndo aliyepeleka maneno shuleni. Na hilo la kutotazama usoni limenichekesha kidogo, nisamehe, kwani we nyumbani kwenu ukiongea na mgeni mkubwa ulikuwa unamkodolea macho? Mengi tuliyosomea chuoni yameandikwa Marekani na Uingereza, kule mtu akikwepa macho anahesabiwa ana jambo, huku inaweza kuwa adabu, inaweza kuwa woga, inaweza pia kuwa mtoto wa jicho, yaani hakuoni vizuri basi.

Chakula. Umeenda mwezi gani? Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza kama Desemba inaisha Aprili, watu wanavuna Mei na Juni, sasa ukipita kwa mkulima Februari ghala limeshakuwa la kukumbatia upepo, na hapo uzembe hauhusiki. Ukiandika "hakuna chakula" bila kuandika mwezi, na bila kuuliza jana walikula nini na juzi walikula nini, hujaandika kitu.

Kidonda ndo nataka tukae nacho. Uliandika "dalili za ukatili" lakini hujaniambia kidonda kikoje. Mtoto akimwagikiwa na uji au maji ya moto mara nyingi alama zinatawanyika ovyoovyo, hapa kubwa pale ndogo, lakini mkono uliochovywa kwa nguvu kwenye maji ya moto unaweza kuacha mstari ulionyooka kama mtu kavaa glovu. Hiyo si kazi yako kuamua, ni ya daktari, kazi yako ni kuona, kuandika ulivyoona, na kuhakikisha mtoto anafika kituo cha afya na PF3 yake (ile fomu ya polisi ya matibabu) kama kuna shaka. Na kuchelewa kumtibu ni alama mbaya kweli, ila uliza kwanza zahanati iko umbali gani na nauli ya bodaboda ni shilingi ngapi, alafu linganisha na mfuko wa bibi. Na nani anapika pale nyumbani? Kama bibi macho hayaoni basi huyo binti wa miaka 9 ndo mpishi, ndo mama wa wale wadogo, na shule kaacha kwa sababu hiyohiyo. Sijasema ndivyo ilivyo! Nasema ni maelezo ya pili yanayobeba vitu vyote ulivyoviona bila hata kimoja kubaki nje, na we hukuwa nayo kichwani wakati unaandika.

Mi mwenyewe niliwahi kuingia nyumba moja Mpwapwa, nimefika tu harufu ya pombe imenipokea mlangoni, asubuhi saa tatu, nikaandika mama mlevi. Kila alichosema baada ya hapo nilikisikia kwa sikio la "mlevi". Akisita nasema kalewa, akicheka nasema kalewa. Ziara ya tatu ndo nikaona mapipa na machicha nyuma ya nyumba, kumbe anapika pombe ya kuuza, yeye mwenyewe haonji hata tone, ndo ilikuwa inalipa daftari za watoto. Mimi siku ya kwanza nilishahukumu ndani ya dakika tano, saa nzima iliyobaki nilikuwa natafuta mashahidi wa hukumu yangu. Ndivyo akili inavyofanya, ya kila mtu, hata ya bosi wako.

Kwa iyo chukua daftari, gawa ukurasa katikati. Huku andika ulichokiona na kukisikia tu, na nani alikisema, huku andika unachodhani. "Mzembe" haiwezi kukaa upande wa kwanza, utaona mwenyewe inavyokataa. Alafu andika maelezo matatu tofauti ya hali hiyohiyo, na kwa kila moja jiulize ningeona nini kama ingekuwa si kweli, ukatafute hicho. Chora na ukoo wao kwenye karatasi, nani mzima, nani kafa, nani yuko Dar na anatuma hela au hatumi, nani walikosana. Karatasi moja hiyo itakupa maswali ambayo fomu haina. Rudi bila mwenyekiti, na mtafsiri asiyetoka mtaa ule, na binti uongee naye peke yake, nje, mkiwa mnafanya kitu, msiwe mmekaa mnatazamana kama polisi.

Ila usinielewe vibaya. Tathmini kamili inaweza kuchukua wiki, swali la usalama ni la leo. Ukiona mtoto yuko hatarini usiku huu usikae unachora ukoo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi mshirikiane. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na kumng'oa kwao bila sababu nayo inaweza kuyavunja.

Shangazi habari za siku. Nasoma ustawi chuo kimoja hapa Dodoma, niko fildi. Mwalimu wetu anasema tufuate zana za tathmini, yaani fomu zenye maswali ya alama, na kujumlisha alama. Msimamizi wangu wa fildi anasema fomu ni za watoto, yeye ana miaka 20 kazini, akiingia nyumba ananusa tu. Nimfuate nani? (Kijana wa Makole)

Wote wawili, na wote wawili usiwaamini sana.

Mwaka 1954 kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Paul Meehl alikusanya tafiti zilizolinganisha utabiri wa wataalamu na hesabu rahisi za alama. Kwa sehemu kubwa hesabu ilikuwa sawa na wataalamu au iliwashinda. Wataalamu hawakufurahi na mpaka leo kuna wanaonuna. Hesabu haichoki, haina njaa saa saba mchana, haimpendelei mteja aliyeisalimia vizuri. Lakini hesabu nayo inajua kile tu ilichoulizwa, bibi wa barua ya juu angejumlishwa alama zake na ile nyumba isingeonekana hata kidogo.

Kuhusu miaka 20, muulize msimamizi wako kwa adabu, zile kesi alizofunga anajua ziliishia wapi? Dereva wa bodaboda akikosea kona anajua palepale, kiwiko kinamwambia. Sisi tunafunga faili, familia inahamia Kongwa au Singida, hatujui tena tulipatia au tulikosea. Mtu anaweza kukosea kwa namna ileile miaka 20 akaita uzoefu. Kunusa kunasaidia, kunakuambia wapi pa kuchimba, ila usiandike harufu kwenye ripoti. We jaza fomu vizuri, alafu pembeni andika utabiri wako na tarehe, baada ya miezi sita rudi ukatazame. Mi nilianza kufanya hivyo nimeshachelewa na niliona aibu nyingi.

Dada, nisaidie. Mwanangu ana miaka 19, alikuwa mzima kabisa, tangu Jumapili anaongea peke yake, hajui saa, usiku anatoka nje. Mjomba wake anasema mapepo, jirani anasema bangi, mwingine kasema nimpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, moja kwa moja lakini naogopa watu watasemaje. (Mama wa Nkuhungu)

Huyu nilimpigia siku ileile, jibu naliweka hapa kwa ajili yenu wengine. Swali langu la kwanza lilikuwa, ana homa? Mtu aliyekuwa mzima alafu akachanganyikiwa ndani ya siku chache, mwili unaangaliwa kwanza, malaria iliyopanda kichwani inafanya hivyo, sukari inafanya hivyo, kifafa, kuumia kichwa, na ndiyo, vilevi pia. Hiyo ni hospitali leo, usisubiri kesho, mjomba na maombi yake anaweza kuja hukohuko wodini sina ugomvi naye. Madaktari wakiona ni wa Mirembe watampeleka Mirembe, ni hospitali kama nyingine, na watu watasema wiki mbili watachoka.

Alafu nikamwambia amuulize kijana waziwazi, unawaza kujidhuru? Akaniambia dada si nitamtia wazo hilo? Hapana. Kuuliza hakumtii mtu wazo, mara nyingi kunamtua mzigo. Na usiku ule asimwache peke yake, na kamba, visu na dawa za kuulia wadudu za shamba la zabibu vitolewe ndani.