Tangi la matumbawe la lita elfu moja: panga kwanza saa ambayo umeme utakatika

Swali: Shikamoo fundi. Nina tangi la samaki wa bahari la lita 200 na limetulia vizuri. Sasa nataka kujenga kubwa la matumbawe hai, urefu mita 2, upana sentimita 70, kimo sentimita 70. Nafikiria kuliweka sebuleni, ghorofa ya kwanza. Sakafu itahimili? Kioo kiwe cha milimita ngapi? Huku kwetu umeme hukatika, je, inveta inatosha? Na je, maji na matumbawe naweza kuchukua hapa hapa baharini? – Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Sakafu haina mjadala mrefu. Tangi la vipimo hivyo likijaa pomoni huchukua lita 980, na kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kuliko ya bombani, hiyo ni tani moja kamili. Ongeza kioo, mawe, mchanga, meza ya chuma na tangi la chini la kuchujia. Utakaribia tani moja na nusu juu ya eneo la mita za mraba 1.4. Sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Mhandisi akiwa na michoro ya nyumba anaweza kukuonyesha mahali penye boriti panapobeba zaidi. Kama michoro huna, lishushe chini.

Kwenye kioo, kinachosukuma ni kina cha maji, si wingi wake. Maji ya sentimita 70 hukisukuma kioo cha mbele cha mita mbili kwa nguvu ya takriban kilo 500. Kwa sentimita 60 nguvu hiyo hushuka hadi kama kilo 370. Umetoa sentimita kumi tu, umeondoa zaidi ya robo ya mzigo. Kwa hiyo ningejenga 200 kwa 80 kwa 60: maji ni karibu yale yale, mkono unafika chini bila kupanda ngazi, na matumbawe yanapata nafasi ya kutanuka. Kioo cha milimita 15 chenye mikanda ya kioo ukingoni juu kinafaa. Ukishikilia kimo cha 70, nenda 19. Silikoni iwe isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na tangi lijazwe maji ya kawaida nje ya nyumba kwa wiki nzima kabla halijaingia sebuleni.

Sasa umeme, na hapa nakuomba unisikilize sana, maana tangi kubwa hufa kwa saa chache ambazo hakuna aliyezipanga. Pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini ikisimama, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafike ukingo wa kisanduku cha kumwagia, yaani kile kinachopitisha maji ya juu kwenda tangi la chini. Tangi lako litakuwa na uso wa mita za mraba 1.6, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 16. Sentimita tatu ni lita 48, bado yaliyomo kwenye mabomba. Tangi la chini lisipokuwa na nafasi hiyo, maji ya chumvi yatalala kwenye zulia. Usitegemee valvu ya kuzuia maji kurudi. Chokaa na konokono huikwamisha. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo tu ya uso wa maji, lipate kuvuta hewa maji yakianza kurudi, na ulisafishe mara kwa mara. Kabla hujaweka hata kiumbe kimoja, zima umeme kwenye swichi kuu ukae utazame maji yanaishia wapi. Rudia mara kadhaa.

Hatari ya pili ni hewa. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo, na yakisimama samaki huanza kutweta. Hapo inveta ina kazi, lakini igawie kwa akili. Betri ya volti 12, ampia-saa 100, ya maji au jeli, isinyonywe zaidi ya nusu: hiyo ni kama wati-saa 600. Pampu ya mawimbi, ile inayozungusha maji ndani ya tangi, ya wati 30 itaendeshwa usiku mzima. Chila, yaani mashine ya kupoza maji, ya wati 700 itaimaliza kabla ya saa moja. Kwa hiyo betri ni ya mawimbi, chila isubiri jenereta. Kila soketi ipitie swichi ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja. Bila hiyo, usitie mkono majini.

Chila utaihitaji tu. Matumbawe hupenda nyuzi 24 hadi 27, na Februari sebule ya Dar hupita hapo mchana na usiku. Feni juu ya maji husaidia sehemu kavu; unyevunyevu wa pwani huidhoofisha. Tumeona joto linavyofanya baharini kwenyewe: mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi yakafa. Chila iwekwe nje ya kabati penye upepo, kwani joto inalotoa majini hulimwaga chumbani.

Maji ya bahari yanafaa ukiyachota bamvua, yakijaa, mbali na mdomo wa mto kama Msimbazi, na si wakati wa masika. Yapime yawe na chumvi ya gramu 35 kwa kilo. Ukichanganya mwenyewe, tumia maji ya mtambo wa kuchuja chumvi na kilo 38 hivi za chumvi ya akwariamu kwa lita 1,000. Yanayopungua kwa kukauka uyafidie kwa maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke.

Matumbawe ya baharini, hapana. Bongoyo na Mbudya ni maeneo tengefu chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya 1994, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Zaidi ya sheria, mwamba uliopona kupauka na baruti hauna cha kutupa sebuleni. Omba vipande kwa mfugaji mwenzako. Matumbawe laini hukatwa yakaota tena. Yaingie baada ya amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa tangi jipya, kusoma sifuri, kwa kawaida wiki nne hadi sita tangu kuwasha mfumo. Yale magumu yaje mwisho. Yakishaingia, pima alkali, ambayo matumbawe hula pamoja na kalisi kujengea mifupa yake, kila siku saa ile ile: kila digrii moja ya alkali (dKH) inayoliwa huenda na miligramu 7 hivi za kalisi kwa lita. Ukishajua tangi lako linakula kiasi gani kwa siku, ndipo ununue pampu ya kulilisha madini hayo.